Sikio la Speke

Mwalimu wa Ntalikwa, au wa shule yoyote iliyo karibu na njia ya zamani ya misafara, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kufundishia sikio. Mwezi Juni 1858 Mwingereza John Hanning Speke alirejea Kazeh, jirani na mji wa Tabora wa leo, akitoka Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton. Sikio lake moja lilikuwa bovu.

Mwezi Machi, katika kisiwa cha Kivira ziwani humo, dhoruba ilitikisa hema lake. Alipowasha mshumaa ili apange vitu vyake, mbawakawa wadogo weusi wakamiminika ndani. Akajilaza, mmoja akamwingia sikioni, akaanza kuchimba. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, isifae kitu, ndipo akatia ncha ya kisu cha mfukoni. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa. Yakafuata usaha, majipu, uso kupinda, taya lisiloweza kutafuna, na uziwi. Kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi uliosikiwa na waliokuwa karibu. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta hata baada ya miezi sita.

Speke alidhani usaha umekula tundu jipya kutoka sikioni hadi puani. Alikosea, na kosa lake ndilo somo letu. Njia hiyo tunazaliwa nayo. Tundu la nje la sikio, lenye urefu wa sentimita 2.5 hivi, huishia kwenye kiwambo. Nyuma ya kiwambo mna chumba chenye hewa na mifupa mitatu midogo, yaani nyundo, fuawe na kikuku, inayopokezana mtetemo hadi sikio la ndani. Huko, katika umbo mfano wa gamba la konokono, mtetemo hugeuzwa kuwa ishara zinazopelekwa kwenye ubongo. Chumba hicho huungana na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija wa Eustachio, ambao hufunguka tumezapo mate. Kwa kuwa kiwambo kizima hakipitishi hewa, mwanafunzi ataona mwenyewe kilichotobolewa kwa Speke.

Mrija huo kwa mtoto ni mfupi tena umelala zaidi, kwa hiyo mafua hupanda sikioni kwa urahisi, na usaha ukijaa hupasua kiwambo. Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili lina ugonjwa sugu. Halitibiwi kwa kuzibwa pamba. Uziwi wa sikio la ndani ni jambo jingine: husababishwa na homa ya uti wa mgongo, surua, kelele kubwa, au dawa kama streptomisini, na seli zilizokufa humo hazioti tena.

Mdudu akiingia, mgonjwa alale upande, atiwe matone ya mafuta ya kula yaliyo vuguvugu ili mdudu afe, kisha aende zahanati. Sikio lenye usaha au lililowahi kutoboka lisitiwe kitu. Njiti ya kiberiti haina tofauti na kisu cha Speke.

Walimu wenzangu, yule mwanafunzi anayeitwa mkaidi kwa sababu haitiki, mpimeni kwanza. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja, azibe sikio moja, umnong'oneze tarakimu tatu azirudie. Kisha sikio la pili. Akishindwa, mketishe mbele leo hii, na mzazi aitwe ampeleke hospitali.