Ruta 19 Kwenye Korido Moja

Muhula uliopita jirani yangu wa hosteli alikosa kutuma kazi ya takwimu. Mwisho ulikuwa saa sita usiku. Faili likaganda karibu na kumalizika, muda ukapita, akala sifuri. Korido nzima tukalaumu kampuni ya intaneti. Wiki mbili baadaye, nikijisomea somo la mitandao, nikagundua mmoja wa waliomkwamisha ni mimi.

Iko hivi. Ruta zetu nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Humo kuna chaneli 13 zilizoachana kwa megahezi 5 tu, wakati ruta moja huchukua upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo aliyekaa chaneli ya 3 anawakanyaga wa 1 na wa 6 kwa mpigo. Ndiyo maana watu hushauriwa kutumia tatu zisizogusana: 1, 6 na 11.

Mimi niliponunua ruta nilipima kwa programu ya simu, nikaona wengi wamejazana 6. Nikajiona mjanja, nikaweka yangu 3, eti pako wazi. Kumbe! Ruta za chaneli moja husikilizana: kifaa hutega sikio kwanza, hewa ikitulia ndipo kinatuma. Ni foleni, inachelewesha, ila inasogea. Ruta ya chaneli ya pembeni haieleweki, ni kelele tu. Data inaharibika njiani, inatumwa upya, na tena upya.

Linganisha na 4G. Kule mnara ndio mgawaji: kila milisekunde 1 unaamua simu ipi ipewe vipande vipi vya masafa, kila kipande kilohezi 180. Wi-Fi zetu hazina mgawaji wa namna hiyo. Kila chumba kina ruta yake na kila mtu anajiamulia. Ukiongeza ruta, au ukipandisha nguvu ya kurusha, ni sawa na kupaza sauti kwenye bweni ambalo tayari lina makelele. Wenzako nao watapaza.

Jumamosi moja tukaitana koridoni. Tulihesabu ruta 19. Tukakubaliana hivi: vyumba jirani vichangie ruta moja, zikabaki 7. Tukazigawia 1, 6 na 11 kwa kupishana, ili wanaotenganishwa na ukuta mmoja wasifanane. Upana uwe megahezi 20, siyo 40. Nguvu ya kurusha ishushwe. Laptop zinazoweza zihamie gigahezi 5, kwenye chaneli nyingi zaidi, ingawa kuta huyadhoofisha mawimbi yake haraka. Wawili waligoma mwanzoni, wakidai wamelipia bando lao. Ni kweli, bando ni lao. Hewa ni yetu sote.

Sasa usiku wa kutuma kazi mtandao bado unakuwa mzito, lakini kazi zinafika.

Jirani yangu nilimwambia ukweli. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo wewe ndo ulinifelisha, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Ile sifuri haikufutwa mpaka leo.

Wewe unayesoma hapa, kabla hujalalamika usiku huu, fungua mipangilio ya ruta yako. Uko chaneli ya ngapi?