SOMO LA WAMAMA: VAZILINI NA NGOZI YA MTOTO

Mama mpendwa, kila siku ya kupima watoto tunaona kopo ya vazilini mu kitunga chako. Mtoto akijikuna, vazilini. Akiungua na moto, vazilini. Akiwa na mafua, vazilini mu pua. Vazilini ni kitu kizuri, lakini haifai kwa kila jambo, na leo tunataka ujue fasi yake.

Vazilini inatoka katika mafuta yanayochimbwa chini ya udongo, sawa na mafuta ya taa, lakini imesafishwa sana. Mmarekani mmoja, Robert Chesebrough, aliipa jina hilo mwaka 1872. Yenyewe haina nguvu ya kuua upele. Kazi yake ni kufunika. Maji ya ngozi hayatoki, mikojo na uchafu wa inje hauingii upesi. Kama chini ya kifuniko kile kuna ngozi safi, ngozi itapona. Lakini kama chini kuna usaha, umefunika sufuria ya chakula kilichooza.

Kwa hiyo kila mara ni maji na sabuni kwanza, halafu vazilini. Mtoto mwenye ngozi kavu, umwoshe, umpanguse kidogo, na wakati ngozi ingali na unyevu umpake kidogo tu. Matako yakiwa mekundu juu ya mikojo, osha na maji, acha yakauke vizuri, mwache mtoto bila nguo muda kidogo, kisha paka. Midomo iliyopasuka na visigino vya mama anayelima, ni vilevile. Lakini mtoto mwenye vipele vya joto usimpake hata kidogo, maana jasho linakosa njia.

DAWA YA UPELE UNAYOWEZA KUTENGENEZA

Upele unajulikana: mtoto anajikuna sana usiku, vipele viko kati ya vidole, mu kiganja, mu kwapa, ku kitovu, ku matako, na mu nyumba hayuko peke yake. Unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba njia mu ngozi. Vazilini peke yake haimuui. Lakini vazilini ikichanganywa na unga wa manjano unaoitwa kiberiti-upele (ku farmasi utauliza sufre), inakuwa dawa ya kweli, na bei yake si kubwa. Jina lenyewe linaonyesha kwamba wazee waliijua kazi yake. Usikwangue vichwa vya viberiti vya kuwashia moto! Mule kuna vitu vingine vinavyochoma ngozi.

Kipimo ni hiki: kijiko 1 cha unga, vijiko 10 vya vazilini. Kijiko ni kilekile, na kila mara ukisawazishe juu na kisu. Usifikiri kwamba unga mwingi utaponya upesi. Utachoma ngozi tu. Weka unga ku sahani safi pamoja na vazilini kidogo sana, saga na mgongo wa kijiko mpaka usione chembe hata moja. Ndipo uongeze vazilini ingine, kidogo kidogo. Hakuna haja ya moto. Kopo ya kuwekea uioshe na maji ya moto na uikaushe kabisa, uandike jina la dawa juu yake, na uiweke fasi ambayo watoto hawafikii. Wakati wa kutumia, toa na kijiko, si na vidole vilivyotoka kujikuna.

Magaribi watu wote waoge na sabuni, wajikaushe. Kisha wajipake mwili mzima, toka shingo mpaka nyayo, hata chini ya maziwa, hata fasi za siri, hata chini ya makucha. Usipake vipele tu, maana mdudu yuko hata pale usipoona kitu. Usiguse macho wala mdomo. Kesho magaribi kuoga na kupaka tena, na kesho kutwa tena. Ni magaribi 3 mfululizo. Siku inayofuata, kuoga na kuvaa nguo safi. Dawa inanuka, tunajua. Mvumilie.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wamama wengi wanapoteza kazi yao. Mama anampaka mtoto mmoja anayejikuna, na wale wengine 5 wanaolala naye ku kitanda kimoja anawaacha. Baba anasema, "Mimi sina upele." Nyanya anasema vilevile. Lakini mtu anaweza kukaa na mdudu wiki nyingi mbele ya kuanza kujikuna. Baada ya mwezi, mtoto amerudia, na mama anasema dawa haina nguvu. Dawa ina nguvu. Ni baba aliyemrudishia mtoto upele. Kama anakataa, mwambie kwa heshima kwamba muganga ndiye ameomba. Wote wanaolala mu nyumba wapakwe magaribi yaleyale, wawe wanajikuna ao hapana.

Nguo na mablanketi, vifuliwe na maji ya moto na kuanikwa mu jua kali. Kile kisichofulika, kifunge mu mfuko siku 4 bila mtu kukigusa, na mdudu atakufa. Tena usishangae kama kujikuna kunaendelea wiki 2 ao 3. Si lazima ni mdudu mpya, ni ngozi ambayo haijatulia. Usipake kila siku mwezi mzima.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, na mama mwenye mimba, waje kwanza ku kituo, tuwapimie dawa yao. Na kama vipele vimekuwa vidonda vya usaha, leta mtoto mbele ya kupaka kitu. Vidonda vile vinaweza kuharibu figo. Ukiona uso wake umevimba asubuhi na mkojo wake ni wa rangi ya kahawa, usingojee siku ya kupima.

FUNZA WA NGUO

Mu fasi za joto, kama Uvira, Fizi ao Maniema, kuna nzi anayetaga mayai ku nguo zilizoanikwa. Mtoto akivaa nguo ile, funza anaingia mu ngozi, na jipu linatokea lenye kitundu kidogo ku kichwa chake. Hapa vazilini inafanya kazi nzuri bila kuchanganywa. Funika kitundu na vazilini nyingi, ungojee. Funza anakosa hewa, anajileta inje. Akitokeza, kamua polepole toka pande mbili na kitambaa safi, osha na sabuni. Usimchome na sindano, maana akipasukia ndani, jipu litakuwa baya. Kumzuia ni pasi: piga pasi ya moto pande zote mbili, zaidi ku mishono na ku nguo za mtoto mchanga. Asiye na pasi aanike ndani ya nyumba, wala si ku majani ao chini ku udongo.

FASI AMBAZO VAZILINI HAINA KAZI

Mtoto akiungua, mimina maji safi ya baridi muda wa dakika 20. Usipake vazilini, wala mafuta ya mawese, wala dawa ya meno. Ku kitovu cha mtoto mchanga, hapana. Mu pua ya mtoto, hapana, kwa sababu mafuta yanaweza kushuka mpaka ku mapafu na kuleta ugonjwa wa kifua. Usiichanganye na mafuta ya taa kwa kuua chawa. Doa jeupe ku ngozi lisilosikia ukiligusa na unyoya, lionyeshe ku kituo: linaweza kuwa ukoma, na dawa yake inatolewa bure.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni bwaki. Ngozi ya mtoto inakuwa nyeusi-nyeusi, inapasuka, inabanduka kama ganda la ndizi. Mama anaona ni ugonjwa wa ngozi, na wiki 2 nzima anapaka. Ngozi inang'aa, jirani wanasema mtoto amenona. Hakunona, amevimba. Finya juu ya mguu wake na kidole gumba, uhesabu polepole mpaka 3. Fanya vile ku miguu yote miwili. Kama shimo linabaki, na nywele zimekuwa nyekundu na laini, na hacheki tena wala hataki kucheza, acha kopo na ulete mtoto leo, hata kama si siku ya kupima. Tutampa chakula cha dawa, na akipata nguvu tutakuonyesha namna ya kuchanganya bugali yake na maharagi, sambaza, karanga ao soja.