Kujitayarisha Moyoni kwa Mbio za Jaribio la Jeshi



Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliwaita vijana wa Kongo wajiandikishe katika jeshi la taifa, FARDC, na katika miji ya mashariki wengi waliitika. Hapa Salamabila, kati ya familia zilizohama vijiji vya Kabambare na Kasongo, wapo vijana wenye nia hiyo hiyo, na jambo wanalotuuliza zaidi ni mbio. Shirika letu halimwandikishi mtu jeshini, wala halimzuii mtu mzima aliyekwisha kuamua. Kazi yetu ni amani. Lakini tunajua kwamba kijana aliyeshindwa mbio akarudi na aibu ni mtu anayetafutwa na wengine. Makundi yenye silaha hayapimi mbio, wala hayaulizi umri. Kwa hiyo somo hili linawahusu wote wa nyumbani, si mkimbiaji peke yake.

Tuanze na woga. Kabla ya jaribio moyo hupiga haraka, mikono hutoa jasho, tumbo huvurugika. Huo si ugonjwa, na si ishara ya uoga wa tabia. Ni mwili unaojiweka tayari kwa kazi. Mashaka huanza pale mtu anapouogopa woga wenyewe, akasema, “Nimekwisha shindwa.”

Kwa vijana waliohama vita kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mazoezi havilitaji. Wengi wao wamekwisha kukimbia mbio ngumu kuliko hizi: usiku, na mdogo wao mgongoni, bila kujua watafika wapi. Mwili uliokimbia risasi unaweza kusikia filimbi na kelele za askari ukadhani ni jambo lile lile. Miguu huruka kabla akili haijaamua. Kijana anatoka kwa kasi ambayo hawezi kuishikilia, na kabla ya nusu ya safari pumzi imekwisha. Watazamaji husema hana nguvu. Nguvu anazo, ila amezimwaga zote mwanzoni.

Dawa yake ni kuizoea filimbi mahali penye usalama. Rafiki apulize, na mkimbiaji asiondoke. Asimame, avute hewa puani akihesabu mpaka nne, aitoe mdomoni polepole akihesabu mpaka sita, arudie mara tano. Baada ya siku kadhaa apulize tena, na sasa mkimbiaji aondoke, lakini kwa mwendo wa kutembea haraka. Mwishoni ndipo akimbie. Akiona picha za vita zinamrudia mchana, au hapati usingizi kwa wiki nyingi, aache kwanza mazoezi hayo akazungumze na mhudumu wa kituo cha afya au mtu mzima anayemwamini. Kumlazimisha hakusaidii.

Jambo la pili ni kujua umbali. Kitu kisichojulikana huonekana kikubwa. Majeshi hayatumii jaribio moja, lakini linalojulikana sana ni lile la daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani, alilolitangaza mwaka 1968: unakimbia dakika 12, kisha unapimwa umefika wapi. Tuseme kijana anataka kumaliza mita 2,400. Viwanja vyetu vingi vya mpira havina vipimo kamili, basi pimeni kwa kamba ya mita 20. Uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 una mzunguko wa mita 320, yaani kamba 16. Mizunguko saba na nusu ndiyo mita 2,400, na kila mzunguko una sekunde 96. Mtu mmoja ashike saa ya simu na kutaja muda kila mkimbiaji anapopita. Tangu hapo kijana hakimbii “mbio za jeshi” tena. Anakimbia sekunde 96, halafu 96 nyingine.

Mzunguko wa kwanza ndio wa kuchunga. Aweze bado kusema sentensi fupi. Akishindwa, amekwenda mno. Wako watakaomtaja Filbert Bayi, askari wa Tanzania, ambaye mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo akashinda kwa dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia wakati huo. Ni kweli, lakini Bayi alikuwa ameuzoesha mwili wake mwendo ule kwa miaka. Asiyeuzoea asimwige siku ya jaribio.

Mzunguko wa tano na wa sita ndiyo mibaya. Hapo moyo hutoa hoja nyingi nzuri za kusimama. Kijana aandae nyumbani neno lake fupi la kujiambia, kwa lugha anayoiota usiku, kiswahili au nyingine. Tena jioni afumbe macho na kuipitia siku nzima akilini: mlango, mstari mrefu, jua, kelele, filimbi, maumivu ya mzunguko wa tano, na atakachofanya hapo. Anayewaza ushindi tu hushtuka maumivu yanapofika.

Aiwaze pia foleni. Usiku wa tarehe 20 Novemba 2023, ng’ambo ya mto kule Brazzaville, vijana walisukumana kwenye uwanja wa michezo walikokwenda kujiandikisha jeshini. Nafasi zilikuwa 1,500. Zaidi ya watu 30 walikufa. Watu wakianza kusukumana mlangoni, kijana ajitoe pembeni, hata kama atapoteza zamu.

Kuhusu chakula, ale bukari yake vizuri jioni, na asubuhi ale kidogo tu, saa mbili au tatu kabla ya kukimbia, na maji. Lutuku, bangi na vidonge vya “nguvu” tunavikataa kabisa: vinadanganya moyo kwenye joto, na moyo unaweza kusimama. Akiona kifua kinabana au kizunguzungu, asimame.

Sasa tuje kwenu wazazi. Familia iliyopoteza shamba huweka matumaini yake yote juu ya mshahara wa mtoto mmoja, na mtoto hubeba mzigo huo uwanjani. Tunaelewa. Lakini maneno kama “usirudi mikono mitupu” yanazidi uzito wa bunduki. Mwambieni kabla hajaondoka kwamba mlango uko wazi vyovyote itakavyokuwa, na mpangeni pamoja atafanya nini asipochaguliwa: shamba la nani, ufundi gani, chuo kipi. Mpango huo ukijulikana mapema, anakimbia akiwa mwepesi zaidi.

Ninyi machifu na viongozi wa wahami, mtaombwa barua za umri. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuandikisha mtu wa chini ya miaka 18, iwe katika jeshi au katika kundi lolote. Kumwongezea mtoto wa miaka 16 miaka miwili kwa huruma si kumsaidia. Mrudisheni kwa wazazi wake, na kaeni nao.

Mnaotaka kuanza mazoezi haya kwa kikundi, mwarifuni kwanza chifu na majirani, mkataje siku, saa na njia mtakayopita. Epukeni alfajiri. Vijana ishirini wakionekana wanakimbia barabarani gizani, kuna nyumba ambazo zitaanza kufunga mizigo.