JICHO LISILOLIA

Wanafunzi wenzangu, mchanga ukikuingia jichoni, machozi hutoka mara moja. Kwa nini? Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ina neva nyingi zinazopeleka habari kwenye ubongo. Neva hizo zikiharibiwa na mkanda wa jeshi wa usoni au kisukari, jicho hukauka na kufanya kidonda, lakini mgonjwa hasikii uchungu. Hapo ndipo pana hatari, maana asiyeumwa haendi hospitali.

Mwaka wa 1986 Rita Levi-Montalcini, mzaliwa wa Italia, alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Cohen. Mama huyu alikuwa amegundua protini inayokuza neva. Kutokana nayo yalitengenezwa matone yaitwayo cenegermin.

Je, yalijaribiwa vipi? Wagonjwa waligawanywa kama kwa kupiga kura. Wengine walitiwa dawa, wengine matone yasiyo na dawa, mara 6 kwa siku kwa wiki 8. Mgonjwa hakujua kapewa yapi, daktari pia hakujua. Mbona kufichana? Kwa sababu matone yoyote hulowesha jicho, na mwenye tumaini huona nafuu upesi. Waliopata dawa walipona vidonda kwa wingi zaidi, na Marekani ikaikubali mwaka wa 2018.

Basi ndugu msomaji, jicho jekundu lisilouma usilipuuze. Kimya chake si uzima.