Kupungua Si Kuugua



Kabla ya kuanza somo hili, tafuta kamba. Kamba ya katani yafaa, hata uzi wa nyavu wafaa. Vua viatu, simama wima ukiegemea ukuta. Mwombe mwenzako akupime kwa kamba hiyo toka kisiginoni hadi utosini, kisha aikate hapo. Sasa ikunje kamba katikati, iwe nusu. Izungushe kiunoni, usawa wa kitovu. Usivute tumbo ndani.

Je, ncha za kamba zimekutana?

Kama zimekutana, vema. Kama zimebaki mbalimbali, basi kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako. Maana yake ni kwamba huenda mafuta yamejaa tumboni kupita kiasi. Kipimo hiki hutumiwa hata na waganga, nacho ni kimoja kwa wanaume na wanawake. Mama mjamzito asijipime.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kigongo. Ni mama wa mfano tu, wala hatumpi jina. Lakini ukisimama kando ya barabara hapo Kigongo utawaona wengi wa namna yake.

Mama huyu ana umri wa miaka 48. Kwa miaka mingi aliuza vitumbua na chai gatini, mahali pa kusubiri pantoni ya kwenda Busisi. Abiria walisubiri, naye aliwauzia. Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko toka alfajiri hadi jioni. Vitumbua vilivyovunjika havikununuliwa, kwa hiyo alivila yeye. Vinne asubuhi, vitatu mchana. Hakuvihesabu kuwa chakula. Nyumbani alikwenda na kurudi kwa pikipiki. Maji yalichotwa na wajukuu. Shamba lilipaliliwa na vibarua.

Watu walimsifu. "Mayu, umenawiri! Biashara inakwenda vizuri." Naye alifurahi. Kwetu huku unene umekuwa ni dalili ya shibe na fedha kwa muda mrefu. Mwenye mwili mkubwa huonekana kuwa ametulia.

Lakini magoti yalianza kumuuma. Akipanda kilima kidogo alihema. Usiku aliamka mara tatu nne kwenda kukojoa. Kichwa kilimgonga. Akaenda zahanati. Mganga akampima uzito: kilo 86. Urefu wake ni sentimita 158. Kiuno chake kilikuwa sentimita 104, ilhali nusu ya urefu wake ni 79. Ncha za kamba yake zilibaki mbalimbali kwa sentimita 25. Shinikizo la damu lilikuwa 158 kwa 96. Alipimwa tena siku nyingine mbili, likawa bado juu. Sukari katika damu nayo ilikuwa imeanza kupanda, ingawa haijawa kisukari kamili.

Wewe uliyejifunza kusoma, soma kadi yako mwenyewe ukitoka zahanati. Ukiona namba ya juu ni 140 au zaidi, au namba ya chini ni 90 au zaidi, na imekuwa hivyo kila unapopimwa, hilo ni shinikizo la damu. Usingoje kuambiwa. Uliza.

Wala usidhani ugonjwa huu ni wa watu wa mjini tu. Mwaka 2012 walipimwa watu wa miaka 25 hadi 64 katika Tanzania. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikutwa na shinikizo la damu, na karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na uzito uliozidi. Wengi hawakujua. Shinikizo la damu halina kelele; siku likipiga kelele mara nyingi ni kiharusi.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikusanyika penye redio, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kulima bustani. Wakati ule adui alikuwa maji machafu, mbu na upungufu wa chakula. Adui hao bado wapo, tusijidanganye. Lakini sasa ameongezeka mwingine, naye huingia kwa mlango wa shibe.

Kwa nini unene huja hasa baada ya miaka 40? Kwanza, misuli huanza kupungua, na misuli ndiyo inayotumia chakula kingi. Pili, kazi za mwili hupungua. Watoto wamekua, ndio wanaobeba ndoo na kuni. Mkono umepumzika, lakini mdomo haukupumzika! Tatu, mwanamke akikoma hedhi, mafuta huelekea zaidi tumboni. Mafuta ya tumboni hayakai bure. Huzunguka ini na utumbo, na huufanya mwili usiitii insulini, yaani ile homoni inayoingiza sukari katika misuli. Sukari ikikosa mlango hubaki katika damu. Huo ndio mwanzo wa kisukari cha watu wazima.

Na magoti? Kila kilo moja unayopunguza, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua unayopiga. Punguza kilo tano tu, uone.

Mganga alimpa mama yule vidonge vya shinikizo la damu, akamwambia pia apunguze mwili. Hakumwambia awe mwembamba kama msichana. Alimwambia apunguze kilo saba. Huenda ukasema: kilo saba ni nini kwa mtu wa kilo 86? Ni nyingi. Huko Marekani walichunguzwa watu zaidi ya 3,000 wenye uzito uliozidi, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kama ya mama huyu. Umri wao, kwa wastani, ulikuwa miaka 51. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri, kutembea dakika 150 kwa wiki, na kupunguza kilo 7 katika kila kilo 100 za mwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Katika kundi hilo kisukari kilipungua kwa asilimia 58, kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Kundi la tatu lilipewa dawa halisi, nalo likapata nafuu ya asilimia 31. Kwa hiyo miguu na sufuria viliishinda dawa.

Sasa tufanye hesabu. Mwalimu aiandike ubaoni.

Mama yule alikunywa chai vikombe 3 kwa siku. Kila kikombe alitia vijiko vidogo 3 vya sukari. Hivyo ni vijiko 9 kwa siku. Kijiko kimoja kina gramu 4 hivi. Basi 9 mara 4 ni gramu 36 kwa siku. Mwaka una siku 365. 36 mara 365 ni gramu 13,140. Ni zaidi ya kilo 13 za sukari kwa mwaka, kwa mtu mmoja, katika chai peke yake! Bado soda. Chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko saba au zaidi. Fikiri bei ya kilo 13 za sukari dukani kwenu, kisha fanya hesabu ya fedha wewe mwenyewe.

Mama yule hakuacha sukari siku moja. Angeiacha siku moja angeirudia siku ya tatu. Alipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Ulimi hujifunza, kama mkono ulivyojifunza kushika kalamu. Alipofika kijiko kimoja, chai ya zamani ilimchefua.

Vitumbua vilivyovunjika akawa anawapa watoto wa jirani. Hapa ndipo alipopata shida kubwa kuliko yote, kwa sababu mtu hapendi kuona mali yake ikipotea. Lakini mafuta ni mazito kuliko uyaonavyo. Nguvu iliyomo katika kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia yatosha kumtembeza mtu mzima kwa nusu saa hivi. Kitumbua kimenywa mafuta hayo. Chipsi zimeyanywa. Sangara wa kukaanga ameyanywa.

Chakula kizuri tunacho hapa hapa ziwani. Sato wa kuchemsha kwa nyanya na kitunguu, dagaa wa kuchemsha, maharage, kunde, mchicha, matembele, nsansa, mlenda: vyote hivi vinashibisha bila kunenepesha mno. Ugali wa dona au wa mtama hukaa tumboni kuliko ugali wa sembe nyeupe. Michembe na matobolwa ni bora kuliko maandazi, lakini nayo ni wanga, kwa hiyo yana kiasi chake. Dagaa wenye chumvi nyingi waloweke kwanza, umwage maji. Chumvi yote ya siku nzima, pamoja na iliyomo chakulani, isizidi kijiko kimoja kidogo.

Vitabu vingine husema gawa sahani yako: nusu mboga, robo ugali, robo samaki. Ni shauri zuri. Lakini sisi wengi tunakula sinia moja pamoja, na sinia haigawanyiki hivyo. Basi hesabu matonge. Kama ulizoea 20, kula 14, na kila tonge lifuatane na mboga ya kutosha. Kula polepole. Tumbo huchelewa kupeleka habari ya shibe, huchukua kama dakika 20.

Ama baba zetu wanaosema unene ni shida ya wanawake, na wajipime kamba kwanza. Bia chupa moja ina nguvu karibu sawa na sahani ndogo ya ugali, na hakuna anayekunywa moja.

Sasa habari ya kutembea. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa. Mabasi yakaacha kusimama gatini, na biashara ya gatini ikafa. Ilikuwa pigo kwa mama yule, tusifiche. Alihamisha jiko lake kando ya barabara, mwendo wa kilometa moja na nusu toka nyumbani. Fedha ya pikipiki haikuwepo tena. Akaenda kwa miguu. Kwenda kilometa moja na nusu, kurudi moja na nusu, jumla kilometa 3. Huo ndio urefu wa daraja lenyewe! Mtu anayetembea kwa haraka humaliza kilometa 3 kwa muda wa nusu saa na dakika chache. Siku tano kwa wiki, ni zaidi ya zile dakika 150.

Mwendo wenyewe uweje? Uwe wa kukuwezesha kuongea, lakini usikuwezeshe kuimba. Kama unaimba, ongeza. Kama huwezi kuongea, punguza. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, keti, kisha uende zahanati. Wiki ya kwanza anza na dakika 10. Kulima, kuchota maji na kutwanga ni mazoezi pia, ila kiangazi huja na jembe hulala. Hapo ndipo kutembea kunapofaa zaidi.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wetu toka mwaka 1985 hadi 1995, alijulikana kwa kupenda mazoezi hata uzeeni. Alizaliwa mwaka 1925, akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Mtu mmoja si ushahidi wa yote, lakini hakuna aliyemcheka kwa kufanya mazoezi.

Mama yule yeye alichekwa. Baada ya miezi sita gauni zilimpwaya. Jirani akamwita pembeni.

"Mayu, mbona umekonda hivi? Una nini? Usitufiche."

Swali hilo lina mizizi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1983. Sote tuliona ndugu zetu wakikonda. Tangu hapo mtu akipungua watu hunong'ona. Wapo walioacha kutembea na kurudia soda kwa sababu ya minong'ono hiyo tu.

Mama akajibu, "Dada, sifichi kitu. Kadi yangu hii hapa, soma." Jirani naye alikuwa mwanakisomo. Akasoma: kilo 79. Shinikizo la damu 136 kwa 86. Kamba bado haijakutana. Zimebaki sentimita 17. Kesho yake jirani akaja na kamba yake mwenyewe.

Lakini jambo hili ulishike sana: kupungua kwa makusudi na kupungua kwenyewe ni vitu viwili. Ukipungua bila kubadili chakula wala kazi, tena una kikohozi cha wiki mbili, au homa, au jasho la usiku, au kiu na mkojo mwingi, nenda kapimwe mara moja. Huenda ni kifua kikuu, au kisukari, au ugonjwa mwingine wenye dawa. Ukipewa vidonge vya shinikizo la damu usiviache kwa kuwa umepungua. Mganga ndiye atakayeamua. Na zile dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi, waachie wenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kundi lenu, kamba za watu wangapi zimekutana? Za wangapi hazikukutana?

2. Fanya hesabu ya sukari ya nyumbani kwako kwa mwezi mmoja. Ni kilo ngapi? Ni shilingi ngapi?

3. Toka nyumbani kwako kuna mahali gani palipo umbali wa kilometa moja na nusu? Nani atakwenda nawe?

4. Mtu wa kijijini kwenu akianza kupungua kwa makusudi, watu husema nini? Wewe ulisema nini?