Uvumi wa Sumu Ndani ya Maji: Tuhakikishe Namna Gani?



Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani tuliyotembelea, kijana mmoja alisoma kwenye simu kwamba unga unaotiwa ndani ya maji unaunguza ngozi na ni hatari kuumeza. Jioni ile ile watu wakasema: wanaotia dawa ni wa kabila lingine, wanataka kutumaliza. Vijana wakaokota mawe. Akina mama wakarudia kuchota maji ya ziwa.

Kijana yule hakusema uongo. Lakini alichosoma kilihusu unga mkavu ulio katika ndoo, si maji ya kunywa. Basi tujifunze pamoja.

1. Tupate jina kamili. «Dawa ya maji» haitoshi. Tusome kwenye ndoo. Mara nyingi imeandikwa kwa Kifaransa hypochlorite de calcium, namba CAS 7778-54-3. Namba hiyo haibadiliki katika lugha yoyote.

2. Tuulize ni nani anayesema. Tuandike namba hiyo katika PubChem, hazina ya bure ya serikali ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 2004. Kisha tulinganishe na maandishi ya Shirika la Afya Duniani (OMS). Ujumbe usio na mwenyewe si ushahidi.

3. Tuangalie kipimo. Unga huo ukiwa mkavu unaunguza kweli, kwa hiyo watoto wasiuguse, wala usichanganywe na asidi. Lakini nusu saa baada ya kutia dawa, OMS inataka ibaki angalau miligramu 0.5 ya klorini katika kila lita. Katika bidoni ya lita 20 hiyo ni miligramu 10, yaani sehemu moja ya mia ya gramu. Kikomo cha OMS kwa maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita.

4. Tusome pamoja. Kabla ya kutangaza, wakubwa wa kambi wa pande zote waketi na muuguzi, na klorini ipimwe mbele ya watu.

Tukumbuke mwaka 1994: kando ya Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi. Uvumi unaotutenga na maji safi unaua mara mbili: unaleta ugonjwa, na unaleta chuki.

Maswali ya kuzungumzia:
- Ni uvumi gani uliwahi kutugawanya?
- Ni nani kati yetu angeweza kuuhakikisha, na kwa nini hakuulizwa?