Makande Bila Kuogopa Tumbo

Mpare kukataa makande si jambo dogo. Ukienda kusalimia watu Usangi, kule milima ya Upare, ukawekewa sahani inayofuka mvuke, mahindi yamekobolewa vizuri kinuni na maharage yameiva hadi yamepasuka, kisha ukasema tumbo halitaki, mwenyeji anaumia kuliko wewe. Mimi niliyakataa kwa miaka minne. Nilishajua kitakachofuata: saa mbili baada ya kula tumbo linajaa kama ngoma, linaunguruma, linasokota upande wa kushoto, na kesho yake ama nakimbilia chooni mara nne kabla ya saa tatu asubuhi, ama sipati choo siku tatu. Sikujua kwamba ningeweza kuyala tena makande hayo hayo, kwenye jiko lile lile, kwa kubadili upishi na kiasi cha kupakua.

Tumbo la namna hii lina majina mengi kwetu. Wazee watasema ni chango. Jirani atasema vidonda vya tumbo, maana siku hizi kila tumbo linalouma ni vidonda. Dukani utapewa dawa ya amiba, wiki ijayo ya minyoo, wiki inayofuata ya asidi. Hospitali wanaloliita IBS ni jambo jingine: ukipimwa, utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ila mwenendo wake umevurugika. Misuli yake husukuma chakula haraka mno au polepole mno, na mishipa yake ya fahamu huhisi maumivu kwa gesi ambayo mtu mwingine asingeitambua. Alama yake kubwa ni maumivu yanayorudi angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiambatana na kwenda choo au na kubadilika kwa choo chenyewe. Wengi huanza baada ya kuharisha vibaya: mtu mmoja kati ya kumi hivi waliopata maambukizi makali ya tumbo hubaki na utumbo wa namna hii hata vijidudu vikishaisha.

Ila usijipe jina hilo mwenyewe. Nenda kwanza Hospitali ya Usangi, au zahanati iliyo karibu nawe, uchunguzwe choo kwa ajili ya minyoo, amiba na jiadia, upimwe wingi wa damu na VVU. Ukiona damu chooni au choo cheusi kama lami, ukipungua uzito bila kukusudia, ukiwa na homa, ukiamshwa usiku na kuharisha, au kama shida imeanza ukiwa umeshavuka miaka 50, au una ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo, weka makala hii pembeni na uombe rufaa. Hapo mara nyingi kinachohitajika ni kipimo cha kamera kwenye hospitali kubwa kama KCMC Moshi. Kubadili mboga hakutakusaidia.

Sasa tuje jikoni.

Maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzima hadi utumbo mpana, huko bakteria wanazichachua, na gesi inazaliwa. Hili linampata kila mtu. Mwenye IBS anaumia zaidi kwa sababu utumbo wake ni mwepesi wa kuhisi. Jambo la heri ni kwamba sukari hizo huyeyuka kwenye maji. Chagua maharage yako alasiri, yaloweke kwenye maji mengi usiku kucha, asubuhi mwaga maji yote na suuza mara mbili. Injika kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi, kisha mwaga tena. Wamama wengi hapa watasikitika, wataona ladha inamwagwa na rangi nzuri ya mchuzi inapotea. Ni kweli inapotea kidogo. Ongeza maji mengine ya moto na uyaache yaive kabisa, yapondeke kwa vidole, kwa kuwa haragwe lililobaki gumu husumbua zaidi. Magadi yanalainisha maganda na kuokoa kuni, lakini usiyategemee badala ya kumwaga maji, na mwenye shinikizo la damu ayaache.

Badiliko la pili ndilo lililonisaidia kuliko yote: pika mahindi na maharage katika vyungu viwili. Ukiyapika pamoja kama tulivyozoea, sukari za maharage huingia kwenye mchuzi na mahindi yakazinywa, na hata ukiyachagua maharage pembeni umeshazila. Ukiyatenga, unachanganya kwenye sahani yako mwenyewe. Anza na vijiko vitatu vya mahindi kwa kijiko kimoja cha maharage, robo kikombe cha maharage isizidi kwa mlo mmoja. Wenzako waendelee na yao kama walivyozoea.

Kisha kitunguu. Watu hulaumu maharage na kukisahau kitunguu, ilhali kwa wengi ndicho chenye kosa kubwa. Sukari yake inayochachuka huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo wakati wa kuunga, kaanga vipande vikubwa vya kitunguu au punje za saumu ndani ya mafuta mpaka vitoe harufu, vitoe vyote kwa kijiko, ndipo uweke nyanya na karoti. Harufu inabaki, sukari imetoka. Au tumia majani mabichi ya kitunguu, yale ya kijani peke yake. Na kiporo cha makande, kile tunachokipasha asubuhi na kunywea chai, kipime kwa tahadhari: wanga uliopoa hugeuka sehemu yake kuwa mgumu kumeng'enywa, ukaishia kule kule kwa bakteria.

Haya yote yametokana na utaratibu uliotungwa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, mwaka 2005, na Peter Gibson na Susan Shepherd. Walikusanya sukari fupi zinazochachuka kwenye utumbo na kuzipanga kwa makundi, kisha wakaonyesha kwamba kuzipunguza hutuliza matumbo mengi. Kwetu zimo katika maharage na kunde, vitunguu na saumu, ngano (yaani chapati, maandazi, mkate), maziwa mabichi, maembe, tikitimaji, asali, na parachichi likiliwa zima kama tunavyopenda. Vinavyobaki ni vingi kuliko unavyodhani: ugali, wali, uji wa ulezi, ndizi mbichi za kupika, magimbi, viazi mviringo, mchicha, karoti, papai, nanasi, machungwa, mayai, nyama, na perege wa Nyumba ya Mungu. Ndizi iliyoiva sana ina sukari hizo kuliko iliyo ngumu bado. Maziwa mgando yanavumilika kuliko mabichi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari yake, na watu wazima wengi wa kwetu hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuyameng'enya maziwa mabichi.

Punguza vyakula vyote vya orodha ile ya kwanza, ya maharage na vitunguu, kwa wiki mbili hadi sita, si zaidi. Tumbo likitulia, nunua daftari la shule. Rudisha kitu kimoja tu kwa siku tatu, kidogo, kisha zaidi, kisha kama ulivyozoea, na kila jioni andika ulichokula, saa ngapi, tumbo lilifanyaje, choo kilikuwaje, na kama siku hiyo ulikuwa na hofu au ugomvi. Pumzika siku mbili tatu, jaribu kingine. Mimi daftari lilinionyesha kwamba maembe hayana neno nami kabisa, na nilikuwa nimeyasusa misimu miwili bure. Chapati moja navumilia, mbili hapana. Daftari lako litasema mengine. Ninakusihi usibaki kwenye wiki zile za mwanzo maisha yako yote. Maharage ni protini ya watu wetu, na mtu mwembamba, mjamzito au mtoto asianze mpango huu bila mtaalamu wa lishe.

Kabla hata ya daftari, jaribu mambo mepesi kwa wiki mbili, kwani baadhi ya watu hupona nusu kwa hayo tu: kula kwa saa zinazojulikana badala ya kushinda na chai halafu kujaza tumbo usiku, chai na kahawa zisizidi vikombe vitatu kwa siku, punguza pilipili, vya kukaanga, soda na pombe ya dengelua, na kunywa maji.

Kuhusu dawa, nitasema ninavyoamini. Mafuta ya mnanaa yaliyo ndani ya kapsuli yamepimwa na kuonekana kulegeza misuli ya utumbo. Chai ya majani yake ni dhaifu zaidi, ila inatuliza, mradi huna kiungulia. Tangawizi ya Mamba Myamba tunaipenda sote, nayo inatuliza kichefuchefu, lakini kwa IBS yenyewe ushahidi wake ni mdogo. Inywe kwa utamu wake. Mwenye choo kigumu atafute maganda ya ispaghula, aanze na kijiko kimoja cha chai katika glasi iliyojaa maji, aongeze taratibu. Pumba za ngano aziache, huzidisha gesi. Mwenye kuharisha, loperamide humvusha siku ya safari. Ninayoyaogopa ni yale maji ya kusafisha tumbo yanayouzwa kwenye chupa zisizo na jina, yenye sena au shubiri kali. Yanakuharisha siku nzima, unahisi umepona, kisha utumbo uliokuwa mkorofi unakuwa mkorofi zaidi.

Na usimkasirikie daktari akikutajia dawa ya sonona kwa kipimo kidogo. Hasemi kwamba unajifanyisha. Utumbo na ubongo vinazungumza kwa mishipa ya fahamu. Mwaka 2023 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 463 ulionyesha kwamba amitriptyline, mojawapo ya dawa hizo, kidogo usiku, iliwasaidia watu ambao matibabu ya kawaida ya mwanzo yalikuwa yameshindwa kuwatuliza. Lazima iandikwe na daktari.

Mwezi wa Ramadhani ndio wenye mtihani mkubwa, na Usangi tunafuturu vizuri. Fungua kwa maji na tende moja, si tano. Swali, ndipo ule magimbi au ndizi, na uache saa nzima kabla ya viazi vitamu na maharage. Viazi vitamu ukivizidisha vinajaza gesi. Msibani, ambako chakula ni kile kilichopikwa, pakua wali na nyama, uache mchuzi wa vitunguu ubaki sufuriani.

Safari nayo ina hofu yake, maana kona za kupanda kutoka Mwanga hadi Usangi hazina choo. Kula saa mbili kabla: ndizi za kuchemsha, yai, chai ya rangi kikombe kimoja. Kaa karibu na mlango na umwambie kondakta mapema. Kule kujua tu kwamba gari litasimama kunatuliza nusu ya msokoto.

Ninapotaka kupanda Jumamosi, nampigia mama simu Ijumaa alasiri, kabla hajainjika chochote. Simwambii tena kwamba sili makande. Namwomba aloweke.